Pesa Inayoingia Udongoni: Namna Tulivyohesabu Fondasio Yetu



Tangu tulipoanza kujenga, wengi mmetusimamisha njiani, sokoni na hata kwenye mlango wa shule, mkiuliza jambo moja: fondasio inakula pesa ngapi? Tulikuwa tunajibu haraka haraka, huyu hivi, yule vile. Leo tunajibu wote pamoja, polepole, na daftari mkononi.

Sisi ni mume na mke, wote wawili walimu. Tuna watoto wanne, na mama yetu mzee anakaa nasi. Kwa miaka 11 tumelipa nyumba ya kupanga, na kila mwenye nyumba alipoongeza bei tulihama na vitanda vyetu kichwani. Pesa yetu ni ile mnayoijua: mshahara unaokuja kwa kuchelewa, likelemba, na unga wa muhogo tunaouza. Hatukuwa na pesa ya kujaribu mara mbili. Ndiyo maana tulikaa na daftari muda mrefu kabla ya kushika jembe.

Bei hatutaandika hapa. Bei ya simenti ya mwezi huu si ya mwezi ujao, na mchanga unaoshushwa kando ya barabara kubwa hauna bei moja na ule unaopandishwa mlimani. Tutawapa vipimo. Vipimo havibadiliki dola ikipanda. Kila mama ataweka bei ya mtaa wake mwenyewe.

Bukavu ni mji wa milima. Uwe Ibanda, Kadutu au Bagira, parsele nyingi tunazoweza kununua sisi watu wa mshahara mdogo ziko kwenye mteremko. Huko Funu, Kadutu, tunajua sote kwamba mlima wenyewe unasogea polepole na nyumba zilizo juu yake. Tunakumbuka pia tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, namna kuta zilivyopasuka na watu wakalala nje. Kwa hiyo kazi ya chini si kitu kidogo cha kuongeza mwishoni mwa hesabu. Kwetu ndiyo iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, na kuta zikafuata na pesa itakayobaki.

Baada ya kuhakikisha karatasi za parsele, tulichimba mashimo mawili, moja kwenye pembe ya juu, moja kwenye pembe ya chini, kila moja metre 1 na nusu kwenda chini. Kazi hiyo ni ya siku moja ya kijana mmoja, na hakuna pesa iliyotusaidia kuliko ile. Juu tulikuta udongo mweusi wa sentimetre 30, kisha udongo mwekundu mgumu. Chini tulikuta sentimetre 60 za udongo mlegevu wenye vipande vya plastiki na vigae vya chungu. Maana yake mtu wa zamani alikuwa amejaza takataka pale. Udongo mgumu ulianza chini ya hapo. Tulichukua ule mwekundu, tukaulowesha na kuuviringisha katika viganja. Ulitoka mwembamba kama penseli bila kukatika. Udongo wa namna hiyo ni wa mfinyanzi: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka. Ukijenga juu yake bila kuongoza maji, nyumba itachezeshwa kila majira.

Shemeji yetu, ambaye alijenga kabla yetu, alitushauri sentimetre 40 zatosha. Tunamheshimu, na nyumba yake imesimama. Lakini shimo la chini lilikuwa limekwisha kujibu. Sentimetre 40 zingetuacha juu ya vigae vya chungu. Tuliandika sentimetre 80.

Kisha tukapima mteremko. Hamhitaji mashine. Tulinunua bomba la plastiki linaloonyesha ndani, tukalijaza maji, mmoja akashika upande wa juu wa parsele na mwingine upande wa chini. Maji katika ncha mbili za bomba husimama kimo kimoja daima. Ukipima kutoka usawa wa maji hadi ardhi huku na kule, tofauti ndiyo mteremko wako. Nyumba tuliyotaka ni ya metre 9 kwa 7. Ukiacha metre 1 ya kupita kila upande, unahitaji uwanja wa metre 11 kwa 9. Katika zile metre 9 za kushuka, ardhi yetu ilishuka metre 1,80.

Mwalimu wa hesabu hawezi kuona pembetatu akanyamaza. Ukikata mlima kuwa uwanja mmoja, unatoa kipande cha pembetatu: chini metre 9, kimo metre 1,80. Nusu ya 9 mara 1,80 ni 8,1. Zidisha kwa urefu wa metre 11, unapata metre kibe 89 za udongo. (Metre kibe 1 ni sanduku lenye urefu, upana na kimo cha metre 1.) Tena nyuma ya nyumba utabaki na ukuta wa udongo wenye kimo cha metre 1,80, unaotaka kukuangukia usiku wa mvua.

Lakini ukikata viwanja viwili kama ngazi, kila kimoja cha metre 4 na nusu, kila pembetatu ina kimo cha sentimetre 90 tu. Kila moja inatoa metre kibe 22 na kidogo. Zote mbili ni karibu 45. Yaani ngazi moja tu katikati ya nyumba imepunguza udongo kwa nusu, na ukuta wa nyuma pia kwa nusu. Vyumba vya kulala vikawa juu, sebule chini, na kati yao vipandio vitano vya sentimetre 18. Fundi alicheka kidogo alipoona mchoro, akasema nyumba yenye ngazi ndani ni ya matajiri. Tulimwonyesha hesabu ya udongo, akaacha kucheka, akaomba kunakili ukurasa.

Kuna wanaofanya njia nyingine: wanakata nusu ya juu, udongo wanaumwaga nusu ya chini, uwanja unakuwa sawa bila kubeba kitu. Ni rahisi kwa macho. Lakini nusu ya nyumba itakaa juu ya udongo mgumu na nusu juu ya udongo wa kumwagwa, ambao utaendelea kushuka. Ufa utapita katikati. Kama huna njia nyingine, basi fondasio ya upande wa chini ni lazima ipenye ule udongo wote hadi kwenye ardhi ya asili, na hapo unachokiokoa kwa jembe unakilipa kwa mawe.

Tuingie sasa kwenye mawe. Ukizunguka nyumba yetu unapata metre 32. Ukuta wa katikati ni metre 9, na kuta mbili fupi za vyumba ni metre 7 zote mbili. Jumla metre 48. Mtaro wa fondasio una upana wa sentimetre 60 na kina cha sentimetre 80: hizo ni metre kibe 23. Juu ya ardhi, mawe yanapanda sentimetre 40 na upana wa sentimetre 40, ili mvua isiruke kwenye ukuta: metre kibe 7,7. Ukuta wa katikati unashikilia uwanja wa juu, kwa hiyo unapanda zaidi: ongeza 1,8. Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba, metre 11, pamoja na fondasio yake: 7,6. Jumla ya kazi ya mawe ni metre kibe 40.

Kutoka hapo kila kitu kinafuata. Mawe yaliyorundikwa yana nafasi nyingi kati yake, kwa hiyo kwa metre kibe 1 ya kazi unanunua 1,2 ya mawe. Udongo wa simenti na mchanga unachukua kama theluthi ya kazi, na kwa fondasio tulihesabu mifuko 2 ya simenti ya kilo 50 kwa kila metre kibe. Juu ya mawe tuliweka mshipi wa beto wa sentimetre 20 kwa 20 kuzunguka kuta zote, wenye vyuma vinne, kwa sababu ya matetemeko. Fundi mmoja alituambia mshipi ni anasa. Sisi tuliokuwa hapa mwaka 2008 hatukuuita hivyo.

Orodha yetu ilikuwa hivi:

Udongo wa kuchimba: metre kibe 71. Ukishachimbwa unavimba kwa robo, kwa hiyo wa kubeba ni karibu 90.
Mawe: metre kibe 48.
Mchanga: metre kibe 14.
Simenti: mifuko 80 ya mawe na 14 ya mshipi, jumla 94.
Mawe madogo ya kupondwa, kwa ajili ya beto: metre kibe 1,5.
Vyuma vya milimetre 10, vyenye urefu wa metre 12: 18.
Vyuma vya milimetre 6, vya kutengeneza pete: 14.
Mbao za kushikilia beto: 24 za metre 4.
Maji: litre 25 kwa kila mfuko wa simenti, yaani karibu bido 120 za litre 20, mbali na maji ya kulowesha kazi kila asubuhi ili simenti isikauke haraka.

Wamama, kwenye mawe na mchanga mshike metre yenu wenyewe. “Ben moja” si kipimo. Tulimwomba dereva ruhusa, tukapima sanduku la gari lake: urefu metre 3,50, upana metre 1,90, kimo sentimetre 60. Ni metre kibe 4 kamili. Yeye alikuwa anauza kama 5. Hatukugombana naye, tulikubaliana bei ya 4, na magari 12 yakatosha kwa mawe.

Sasa kuna mstari ambao katika devi tulizoonyeshwa hauonekani, au umeandikwa tu “usafiri” na tarakimu ndogo mbele yake. Gari haliingii kwenye parsele yetu. Linamwaga kando ya barabara, na kutoka pale ni kupanda kwa miguu. Metre kibe 1 ya mawe yaliyorundikwa au ya mchanga ina uzito wa karibu tani 1 na nusu. Jumlisha mawe, mchanga, simenti na yale madogo ya kupondwa: ni tani 100. Kwa mizigo ya kilo 50, hizo ni safari 2000. Kama mtu anapanda mara 20 kwa siku, ni siku 100 za kazi ya mtu mmoja.

Na mtu huyo ni nani? Mnamjua. Ni mama mwenye kamba kwenye paji la uso. Wengine ni wazazi wa wanafunzi wetu, na wengine wanakaa nasi katika chama hiki. Tulipokuwa tunatafuta mahali pa kupunguza hesabu, kila aliyetushauri alianza hapo: “Hao watakubali bei yoyote.” Ni kweli watakubali, kwa sababu watoto wao wanakula jioni ile ile. Lakini hatukuona namna ya kufundisha mtoto asubuhi na kumpunja mama yake mchana. Tuliandika wabebaji juu ya orodha, karibu na simenti, kwa bei tuliyopatana nao kabla ya gari la kwanza kufika. Tulilipa kwa ndoo, ndoo ni ndoo, ili mama mzee anayeweza kubeba moja asilazimike kubeba mbili. Na tulilipa kila siku jioni.

Udongo uliochimbwa nao una gharama. Usiutupe kwenye rigole, wala usiurundike juu ya paa la jirani wa chini. Mvua ya kwanza itampelekea, na utalipa kwa njia nyingine. Wetu tulipatana na mtu aliyekuwa anajaza njia yake. Tulilipa kubebwa tu.

Maji ya paa pia ni sehemu ya hesabu ya ardhi, ingawa wengi wanayaweka kwenye hesabu ya mabati au wanayasahau. Paa letu ni metre 10 kwa 8. Mvua moja kubwa ya milimetre 50 inaliangushia litre 4000. Hizo ni bido 200 zinazomwagwa kando ya fondasio yako kwa mchana mmoja. Kwa hiyo tuliandika mifereji ya paa, pipa la kupokea maji, rigole ya mawe kuzunguka nyumba, na vipande vya bomba vya kupitisha maji ndani ya ukuta wa nyuma. Ukuta wa kuzuia udongo usio na matundu unabeba udongo pamoja na maji yote yaliyokwama nyuma yake.

Mwishoni tuliongeza akiba: kwa kila dola 100 za hesabu, 15 zaidi. Upande wa chini, urefu wote wa metre 9, udongo mlegevu ulikwenda sentimetre 30 zaidi kuliko shimo letu lilivyoonyesha. Hiyo ilitaka metre kibe 2 za mawe na mifuko 4 ya simenti. Akiba ilikuwepo, kazi haikusimama hata siku moja.

Baada ya kuuliza bei sehemu tatu na kuandika tarehe mbele ya kila moja, tulijumlisha usiku, watoto wamelala. Kati ya kila dola 10 tulizokuwa tumeweka, 7 zilikuwa zinaingia chini ya ardhi. Tulikaa kimya. Nyumba ya tofali za kuchoma tuliyoichora haikuwezekana tena na pesa iliyobaki.

Njia zilikuwa tatu. Tungeweza kupunguza fondasio na kusimamisha kuta za tofali ambazo kila mtu angezisifu. Tungeweza kungoja miaka mingine mitatu, tukiendelea kulipa nyumba ya watu. Au tungeweza kufanya kazi yote ya chini kama ilivyohesabiwa, kwa upana wa kubeba tofali siku moja, na kwa sasa kusimamisha kuta za mbao. Mume na mke hatukukubaliana siku ile, wala wiki ile. Mwalimu katika nyumba ya mbao, watu watasema nini? Ni mama mzee aliyekata maneno. Alisema ukuta wa mbao tunaweza kuubadilisha tukiwa tunalala ndani, lakini hakuna atakayeinua nyumba ili aweke mawe chini yake.

Tunajua mbao zinaogopa moto, na mji wetu umeona mitaa ikiungua. Kwa hiyo jiko tulilijenga mbali kidogo, la tofali, na fondasio yake ndogo tuliihesabu kando.

Jambo la mwisho ni majira. Tulianza kuchimba mwezi wa sita, kiangazi kilipoingia, na tukamaliza mawe, mshipi na rigole kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Hiyo iliwezekana kwa sababu pesa yote ya kazi ya chini ilikuwa tayari kabla ya jembe la kwanza. Mtaro uliochimbwa haungoji zamu yako ya likelemba. Ukinyeshewa, kuta zake zinaanguka, udongo wa chini unalegea, na unalipa kuchimba mara ya pili. Kama pesa haijatimia, nunua mawe na uyarundike. Mawe hayaozi. Simenti usiinunue mapema, inakamata unyevu na kuwa jiwe ndani ya mfuko.

Sasa tunalala ndani. Mbao zilizoshikilia beto tulizisafisha, zimekuwa ukuta wa chumba cha wavulana. Katika mvua za kwanza tulizunguka nyumba kila asubuhi kutafuta ufa. Hatukuona ufa, tuliona maji yakitoka kwenye matundu ya ukuta wa nyuma na kushuka kwenye rigole. Tofali zitakuja, ukuta mmoja mmoja, Mungu akijalia.

Wenye parsele na wanaofikiri kuanza kiangazi kijacho, pimeni kwanza, kisha njooni na daftari zenu tuhesabu pamoja. Kamba, metre na lile bomba la maji tunavyo nyumbani. Tunaviazima bure, mradi virudi kabla ya Jumatatu, kwa sababu darasani navyo tunavitumia.